Shina la Mwiba Lilikuwa Upande Wangu

Kazi yangu ni kufunga barabara. Watu wa kwetu wanaoniona siku za sherehe nimevaa fulana ya kung'aa wakiniuliza nafanya nini, hilo ndilo jibu ninalowapa, na wengi hucheka. Wanasema hata punda aliyelala katikati ya lami anafunga barabara, na hadai mshahara. Sibishani nao. Punda akilala vizuri anafunga kuliko mimi.

Nina daftari kubwa la jalada gumu. Kila mahali nilipofunga nimeandika humo: saa, aina ya kizuizi, nani alilalamika. Nilisoma mpaka darasa la saba tu, kwa hivyo mwandiko wangu ni mkubwa na sentensi zangu fupi. Ukurasa wa siku ile ya Kakuma nimeandika hivi: "Vyuma kumi na viwili. Mapipa sita. Miiba kwenye njia ya miguu. Hakuna mbuzi aliyepita." Basi. Ukiusoma utadhani ilikuwa siku njema. Haya ninayoandika sasa ndiyo yaliyobaki nje ya ukurasa ule, na sina hakika kama nitayaandika sawasawa, maana mshitakiwa ni mimi na karani ni mimi.

Nieleze kwanza habari ya vizuizi, la sivyo mtu atadhani nilikuwa nimeshika bunduki.

Huku Lodwar huwezi kuchagua kizuizi kwa kusoma karatasi. Tulikuwa na vile vya plastiki, vyekundu na vyeupe, vilivyoletwa kutoka Nairobi pamoja na maagizo kwamba vijazwe maji ndipo vitulie. Tulivijaza mara moja. Kesho yake asubuhi tulivikuta vyepesi, vimelala chali, na kina mama wa ng'ambo ya barabara walikuwa na mitungi imejaa. Sikumlaumu mtu. Kilikuwa kiangazi, na mtu akiona maji yamemwagwa ndani ya plastiki yakazuie gari, atafikiri nini juu ya aliyeyaweka? Mara ya pili tukavijaza mchanga. Mchanga uliingia, lakini kutoka ulikataa, na mpaka leo vimelala nyuma ya ofisi, vizito kama ng'ombe waliokufa.

Utepe ule wa plastiki wenye mistari ni mzuri kwa picha. Mbuzi wanaula. Vyuma ni vyepesi kubeba na vinaungana mkono kwa mkono, lakini upepo wetu ukiamka mchana unaviangusha vyote kwa mstari, kimoja kikimvuta mwenzake. Mapipa ya mafuta yaliyojazwa mchanga nusu ndiyo yanayosimama. Gari linayaheshimu. Mbuzi anapita katikati yake kama anaingia kwao.

Na mbuzi ndio walioniponza. Kulikuwa na sherehe kubwa Lodwar, ya ngoma na vyakula na hotuba, na mimi nilifunga barabara kuu kwa mapipa na vyuma, nikaacha pengo la hatua mbili pembeni ili watu wa miguu wapite. Mtu wa miguu lazima apite, hilo nililiamini. Saa sita mchana, mgeni mkuu akiwa anakaribishwa, kundi la mbuzi likatoka upande wa Kanamkemer, likapita kwenye pengo langu mmoja mmoja, kwa adabu kabisa, likaenda moja kwa moja mpaka hemani. Walikula maua ya mezani. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Hata kwenye viti vya mbele walicheka. Mkubwa wangu hakucheka.

Aliniita pembeni. Ni mtu wa kutoka mbali, ameletwa huku na kazi, na sina ubaya naye.

"Mzee," akasema, "kazi yako ni nini?"

"Kufunga barabara, bosi."

"Na leo umefungia nani?"

Nilifikiri juu ya swali hilo mwezi mzima, na sherehe ya Kakuma ilipotangazwa nilimwendea nikamwambia: safari hii njia ya miguu nitaifunga kwa miiba.

Asiyejua boma la kwetu naomba anifuate hapa. Boma la mbuzi halina mlango wa mbao. Lina pengo, na pengo linazibwa kwa tawi moja kubwa la mwiba. Tawi hilo linalazwa kwa utaratibu: shina ndani, miiba nje. Aliye ndani akitaka kufungua anashika shina na kuvuta, na tawi linamfuata. Aliye nje hana pa kushika. Akisukuma, miiba inajikaza kwenye ua na kuziba zaidi. Kwa hivyo fisi hawezi, mwizi hawezi, na mbuzi aliyechelewa malishoni anasimama nje analia mpaka mwenye boma aje. Mama yangu alinifundisha kulaza tawi nikiwa bado natembea uchi. Kila Mturkana akiona tawi limelala hivyo anajua, bila kuambiwa, kwamba aliyeshika shina ndiye mwenye neno.

Mkubwa alinisikiliza akakuna kidevu. "Fanya vile unajua. Mbuzi sitaki kuona." Kisha akanipa amri ya siku: barabara ya kuvuka lagga, ule mto wa mchanga usio na maji, kwenda upande wa kambi ya wakimbizi, zilipo ofisi na mahema ya wageni, ifungwe kuanzia saa nne asubuhi. Magari yatakuwa chini ya polisi. Njia ya miguu itakuwa chini yangu. Watapita wenye kadi shingoni. "Ila mtu akiwa na haja ya kweli," akaongeza, "mgonjwa, ama mtu ameitwa ofisini, usiwe jiwe. Tumia akili yako."

Maneno hayo matatu ya mwisho ningependa kusema hakuyasema. Aliyasema.

Sasa niseme juu ya binti yangu. Ni mtoto wangu wa kwanza. Alipokuwa mdogo mama yake aliuza chai Kakuma, karibu na soko la kambi, na mtoto alikua katikati ya watu wa Sudan Kusini, akaokota Kiarabu cha Juba kama watoto wengine wanavyookota makopo. Baadaye tulihamia Lodwar, Nawoitorong, akamaliza kidato cha nne, akakaa nyumbani miaka mitatu akiandika maombi ya kazi. Alifua nguo za watu, aliuza mandazi. Halafu shirika moja la huko Kakuma likatafuta wakalimani wa zahanati, watu wanaojua Kiturkana, Kiswahili na Kiarabu cha Juba. Nafasi zilikuwa mbili. Alituma barua, na ujumbe ukaja kwenye simu yake: aje ahojiwe, saa tatu kamili asubuhi, na atakayechelewa hatasikilizwa. Alinipa simu nikausoma mwenyewe mara tatu. Siku yenyewe ilikuwa siku ile ile ya sherehe. Nafikiri waliochagua siku hawakujua kuna sherehe, au walijua hawakujali. Mtu wa ofisini haoni barabara mpaka ifungwe.

"Basi twende pamoja," akaniambia. "Lori lenu linatoka jana yake. Nitalala kwa rafiki yake mama."

Nikamwambia hapana. Lori ni la ofisi, na kwenye lori tulikuwa watu wanne wa kazi, na kila mmoja ana watoto wanaotaka kwenda mahali. Nikimbeba wangu, kesho dereva atambeba wake. Nilimpigia hesabu: apande gari la alfajiri, atashuka Kakuma saa mbili na nusu, avuke lagga kwa miguu, afike kabla ya saa tatu. Barabara itafungwa saa nne. Ana saa nzima ya kupumua. Mama yake alinitazama kwa yale macho yake, akasema, "Hata sehemu ya kuketi juu ya vyuma ungemnyima?" Nikasema ndiyo, hata hapo. Siku ile nilijisikia mtu safi. Nakumbuka kabisa nilivyojisikia, na ndiyo sababu naliandika.

Tulifika Kakuma mchana, tukapanga mapipa na vyuma vikae tayari. Alasiri nilishuka kwenye lagga na panga, nikakata mathenge. Huo mti umejaa huko kila mahali, na mwiba wake unapita kwenye ndala mpaka mguuni. Nilichagua tawi moja pana kama mlango wa kanisa, na mengine madogo ya ubavuni. Nilijenga ua pande mbili za njia, nikaacha pengo, nikalijaribu tawi kubwa. Shina ndani, miiba nje. Lilikaa kama limezaliwa pale. Dereva alipita akaniambia, "Mzee, hapo umefunga, hata shetani atazunguka." Nilifurahi.

Asubuhi, kabla ya saa mbili, simu ya upepo ya afande ikalia. Ndege ya wageni ingewahi. Kufunga kusogezwe, kuanzia saa mbili. Amri hiyo afande hakuipanga yeye, na aliyeipanga huenda alikuwa na sababu. Tukasukuma mapipa, tukaunga vyuma, nami nikavuta tawi langu. Nikampigia binti yangu. Simu haikupatikana. Kati ya Lodwar na Kakuma kuna sehemu ndefu ambazo simu ni tochi tu. Nilipiga mara tatu. Ya nne sikupiga, watu walishaanza kujaa.

Waliokuja mbele ya mwiba naweza kuwataja wote. Alikuwako mama mmoja wa Kiturkana, kuni kichwani, anazipeleka kuuza kambini. Alikuwako Msomali mwenye duka upande wa pili, funguo mkononi. Walikuwako vijana watatu hivi wasio na safari yoyote, waliokuja kutazama. Na wengine wakija na kuondoka. Wote niliwaambia neno moja: mwenye kadi shingoni. Mama wa kuni aliniuliza kwa Kiturkana kadi ni nini. Nikamweleza. Akazitua kuni, akakaa juu yake, akasema basi atangoja iote.

Hapo akaja mwanamke mmoja Mkongo. Alikuwa amevuka mchanga viatu mkononi, na sasa alikuwa anavivaa akiwa amesimama mguu mmoja.

"Papa, minaomba," akasema. "Miye naitwa kule kwa bureau. Saa tatu. Angaria."

Akanyoosha simu juu ya miiba. Niliusoma ujumbe. Ulikuwa ule ule, neno kwa neno, niliousoma nyumbani kwangu mara tatu. Mtu ameitwa ofisini. Nilitumia akili yangu. Nikashika shina, nikavuta, akapita.

"Aksanti sana, papa. Mungu akubariki."

Kabla sijalirudisha tawi, kelele zikaanza.

"Ebu cheki! Buda amefungulia mrembo!" Huyo kijana mmoja.

"Mzee," akasema Msomali, "wallahi, huyo amekupa nini? Mimi niko na duka inangoja, na najua wewe, na hujafungua."

"Ana barua ya kuitwa," nikasema.

"Barua iko wapi? Hiyo ni simu. Mimi pia niko na simu."

Hayo niliyabeba. Neno lililoniingia ni la mama wa kuni. Alisema polepole, kwa lugha yetu, bila hata kunitazama: "Mwiba wa kwetu, uliokatwa kwetu, umefunguliwa mgeni. Sisi wa hapa tutakaa nao nje." Watu walioelewa waliguna. Nilitaka kumweleza kwamba sikuangalia kabila wala uzuri, niliangalia ujumbe. Badala yake nikaapa moyoni kwamba siku ile hapiti mwingine yeyote asiye na kadi.

Haikupita robo saa. Binti yangu akatokea ng'ambo ya lagga, anakimbia. Alikuwa amevaa blauzi nyeupe aliyopigiwa pasi na mama yake, na bahasha ameibana kwapani. Aliponiona, uso wake ukafunguka kabisa. Sijui niseme vipi. Aliona ni mimi niliye kwenye njia, akajua amefika.

"Baba! Baba, niko hapa!"

Kila mtu akageuka.

"Eh! Kumbe ni msichana wake!" akasema yule kijana. "Sasa tutaona, leo tutaona!"

"Fungua ya familia, buda!" akasema mwenzake.

Walikuwa wanacheka. Msomali alikunja mikono akangoja. Mama wa kuni aliinua uso.

"Baba, fungua. Nimebaki na dakika kumi na tano."

"Barabara imefungwa," nikasema.

Alidhani natania. Alitabasamu, akainua simu juu ya miiba mahali pale pale yule mwingine alipoinua yake. "Ujumbe ndio huu."

"Naujua."

"Sasa?"

"Rudi nyuma kidogo, usichomwe."

"Nirudi wapi, Baba? Ulisema saa nne. Ulisema wewe mwenyewe."

"Imesogezwa."

"Kuna mwingine amepita hapa na meseji kama hiyo, sister," kijana akamwambia, na safari hii hakuwa anacheka sana. "Mkongo. Sasa hivi tu. Muulize."

Aliniuliza. "Ni kweli?"

"Ni kweli."

Aliningoja. Nilijua anangoja niseme neno la kufuata. Nikafanya jambo la mtu mwoga: nikageuka upande wa vyuma nikamwita afande, kama kwamba yeye ndiye mwenye neno.

"Afande, huyu ameitwa ofisini. Ana ujumbe."

"Mzee, hiyo ya miguu ni yako," akasema afande. "Mimi niko na magari."

Na kweli alikuwa na magari. Wakati ule ule gari jeupe lilifika, vioo vyeusi, halina kadi wala kibandiko, na ndani nilichoona ni maboksi ya soda na mtu mmoja amelala kiti cha nyuma. Dereva alisema neno moja kupitia dirishani. Afande na mwenzake wakavuta vyuma viwili, gari likapita, wakavirudisha. Hatua kumi kutoka nilipokuwa. Mpaka saa tano vyuma vile vilifunguliwa mara nyingine tatu. Huenda amri ilitoka kwenye simu ya upepo. Sikuuliza, na si haki nimseme afande kwa jambo ambalo sikuuliza. Nasema tu nililoliona: upande wa chuma kulikuwa na mlango, na upande wa mwiba kulikuwa na mimi.

Binti yangu aliliona pia gari lile. Hakulia. Aliinama akavua viatu, akanitazama mara moja, akaanza kukimbia kufuata ukingo wa lagga, kuelekea kivuko cha chini, ambako hakukufungwa. Kwa huko ni mzunguko mrefu, mchanga mtupu, na jua lilikuwa limeshapanda.

Kijana aliyeanza kelele alipiga kijiwe teke. Msomali akasema, "Mzee, haki, ungemwachilia mtoto." Na mama wa kuni, yule yule, alinitazama sasa, akasema kwa lugha yetu, "Si ungemfungulia tu? Sisi ni maneno. Mtu akikaa kwenye jua lazima aseme."

Nilishika shina. Nililishika, naapa. Alikuwa bado hajafika mbali sana, ningemwita angesikia. Lakini nikaona aibu kumwita jina kwa sauti kubwa mbele ya watu wale wale niliowaonyesha jinsi nilivyo na msimamo. Nikaliachia. Alipofika kwenye miti ya mathenge sikumwona tena.

Sherehe ilikuwa nzuri. Hotuba zilisomwa, watoto wa kambi wakacheza ngoma, wageni wakapigwa picha. Mbuzi walikuja. Walikuja kama saa tano, kundi zima, wakafika kwenye tawi, wakanusa, wakasimama, wakageuka. Mkubwa wangu aliwaona kwa macho yake. Alikuja akanishika bega.

"Leo umefunga, mzee," akasema. "Leo ndiyo umefunga."

Nikamwambia asante. Tangu siku ile kila sherehe wananiambia nilete miiba.

Nilirudi nyumbani kesho yake na lori. Binti yangu alikuwa anaosha vyombo. Alinisalimia vizuri, ejok, kama kawaida, akanitolea kiti. Nilimuuliza alifika saa ngapi. Akasema saa tatu na dakika arobaini. Mlinzi wa lango alimwambia orodha imefungwa. Alimwomba mlinzi amwitie mtu, mlinzi akakataa, akamwambia, "Dada, hata mimi nimepewa amri." Aliyasema hayo bila kukaza sauti. Ningependa angenitukana. Mguu wake mmoja ulikuwa umefungwa kitambaa, na sikuuliza ni mwiba wa wapi, maana kwenye kivuko cha chini miiba iko pia.

Mama yake alinipa chakula siku nne bila neno. Siku ya tano alisema. "Wewe hukuwa unalinda barabara. Ulikuwa unalinda jina lako."

Nimeliwaza sana hilo, na nimejaribu kulipima kwa haki, pande zote mbili. Upande wangu nasema hivi: ningemfungulia, wale watu wangeenda nyumbani wakisema yale yale wanayosema kila siku, kwamba kila anayeshika mlango huku anawafungulia wa kwao. Tumeyaona hayo katika kazi, katika chakula cha msaada, katika mabati. Nilitaka waone mara moja, hata mara moja tu, mtu asiyefanya hivyo. Upande wa mama yake: hakuna aliyeniomba niwaonyeshe. Walitaka kupita tu. Na nilipowaonyesha, hawakusema huyu ni mtu wa haki. Walisikitika, wakaenda zao. Jambo nililodhani nawafanyia wao, nilimfanyia mtu mmoja aliyesimama ndani ya ua akiwa ameshika shina. Nikiyaweka hayo mawili kwenye mizani, ya mama yake ni mazito. Siku nyingine ya kwangu yanaongezeka uzito kidogo. Sijui. Mtu wa darasa la saba hana mizani ya kuaminika.

Miezi kadhaa baadaye nilikuwa Kakuma tena, kupeleka mapipa. Mwanamke akaniita kwa nyuma, "Papa! Papa ya miiba!" Nikageuka. Alikuwa yule Mkongo, amevaa fulana ya lile shirika, kadi shingoni. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Alisema angechelewa siku ile kama si mimi, kwamba ananiombea. Kiturkana chake, alichonijaribia pale pale kwa furaha, kilikuwa cha kutafuta, lakini kilieleweka, na Kiarabu cha Juba sina uwezo wa kukipima. Sina neno baya juu yake. Alikuja na ujumbe, alifika kwa wakati, alistahili. Nilimwambia, "Karibu, mama," nikaondoka haraka, kwa sababu nilihisi kumchukia na hakuwa amenikosea kitu.

Binti yangu aliondoka mwaka ule. Alipanda gari la Lokichoggio, akavuka mpaka pale Nadapal, na sasa anapika kwenye hoteli moja katika mji wa Sudan Kusini, ambako Kiarabu chake kinamsaidia kuulizia nani ameagiza maharagwe. Huzungumza na mama yake kila Jumapili baada ya kanisa. Mimi huletewa salamu, na salamu zenyewe ni nzuri, hazina kasoro.

Juzi simu ya mama yake iliita yeye akiwa nje anaanika nguo, nikaipokea.

"Ejok, Baba."

"Ejok. Mama yako yuko nje. Uko salama?"

"Niko salama." Nyuma yake nilisikia sufuria zinagongana na mtu anaita kwa Kiarabu. Nilidhani ataomba nimpelekee mama simu. Badala yake akasema, "Baba, nikuulize kitu?"

"Uliza."

"Siku ile. Ningekuwa si mtoto wako, ungefungua?"

Nilikuwa na majibu kadhaa. Ningesema amri ilikuwa kadi. Ningesema sikumbuki vizuri, ni mzee, jua lilikuwa kali. Ningesema kwamba ni vigumu kujua, na hilo ndilo huwa nasema juu ya mambo mengi, na mara nyingi ni kweli. Hili halikuwa gumu kujua.

"Ningefungua," nikasema.

Yule mtu wa Kiarabu aliita tena, naye akamjibu kitu kifupi, kwa haraka, kwa ulimi ambao mimi baba yake siuelewi.

"Sawa," akaniambia. "Mpelekee mama simu."

Nikatoka nikampa. Aliishika kwa bega huku mikono bado imebeba nguo, na baada ya dakika moja alikuwa anacheka, na nikasikia upande wa pili unacheka pia. Nilisimama mlangoni nikiwatazama, yaani nikimtazama yeye mmoja. Niliwaza kumuuliza wanacheka nini. Nikarudi ndani.